Santuri za jazi pwani: kuzichagua, kuziosha, kuzihifadhi na kuzisikiliza ukiwa Zanzibar

Mkusanyaji wa santuri wa Unguja au Pemba ana mambo mawili ambayo mwenzake wa Chicago hana. La kwanza ni hewa ya bahari, yenye chumvi na unyevu, ambayo haimwachi mtu na jalada safi masika mbili mfululizo asipojihimu. La pili ni sikio. Aliyekulia kwenye taarab, akazoea kusikia kanuni au udi ukipiga taksimu huku ukumbi mzima umetulia, tayari anajua maana ya mpigaji kutunga papo hapo mbele ya watu. Jazi imesimama juu ya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo hewa ndiyo ya kupigana nayo, na sikio ndilo la kutegemea.

1. Jua kilichomo mkononi

Santuri nzito, ngumu, inayovunjika kama sahani ya udongo, ni ya mizunguko 78 kwa dakika. Imetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wa jamii ya lakiri, uliochanganywa na unga wa mawe. Nyingi zina upana wa sentimita 25 na hubeba dakika tatu hivi kila upande. Santuri ya kwanza ya jazi kuuzwa ilitoka Marekani mwaka 1917, na za Louis Armstrong na kikundi chake cha Hot Five, zilizorekodiwa kuanzia 1925, ni za aina hii.

Santuri nyepesi inayopinda bila kuvunjika ni ya vinaili. Kubwa ya sentimita 30 inakwenda mizunguko 33⅓, ilianza kuuzwa 1948, na upande mmoja huchukua dakika 20 hivi. Ndogo ya mizunguko 45 ilikuja 1949. Za stirio zilianza kuenea 1958. Za kabla ya hapo zina njia moja ya sauti tu, na hilo si kasoro.

Hapa ujihadhari na neno lenyewe. Kwenye lebo za Afrika Mashariki, "Jazz" ni jina la bendi ya dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz ya Dar es Salaam, Atomic Jazz ya Tanga, Nuta Jazz. Huo ni muziki wa magitaa, rumba na nyimbo za Kiswahili, na unastahili kukusanywa kwa heshima yake wenyewe. Ila muuzaji akikwambia ana "jazi nyingi", mwulize majina ya bendi kabla hujapanda gari kwenda kuziona.

2. Kagua kabla ya kulipa

Santuri kuukuu hupatikana kwenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, kwenye mizigo ya mitumba, na zaidi ya kote kwenye makabati ya familia. Popote utakapozikuta, zitoe nje kwenye mwanga. Ishike santuri kwa kingo, uilaze kidogo mpaka mwanga wa jua uteleze juu yake, halafu uangalie haya.

Mkwaruzo: pitisha ukucha juu yake kwa wepesi. Ukucha usipokwama, mara nyingi sindano hupita na utasikia mlio mdogo tu. Ukikwama, itaruka au kurudia palepale.

Rangi ya mifereji: vinaili nzima hung'aa nyeusi. Ikiwa na weupe wa kijivujivu, hasa kuelekea katikati, mifereji imekwisha kusagwa na sindano butu. Hakuna dawa ya kuirudisha, hata ikioshwa mara kumi.

Tundu la kati: mistari myembamba kuzunguka tundu, juu ya lebo, ni alama za watu waliokuwa wakiitafutia mhimili bila kuangalia. Ikiwa mingi, santuri hiyo imepigwa sana.

Upindaji: iweke usawa wa jicho. Wimbi dogo pana huvumilika. Mkunjo mfupi wa ghafla kwenye ukingo ndio unaorusha sindano. Usijaribu kuinyoosha kwa jua, kwa sababu vinaili hulainika kwenye nyuzi 55 hadi 60, na joto linalonyoosha santuri linaharibu mifereji pia. Ibane kati ya vioo viwili vilivyonyooka, uweke vitabu juu, uiache wiki kadhaa ndani ya nyumba. Inasaidia kidogo.

Kwa shelaki kuna kipimo cha zamani na kizuri: ingiza kidole kwenye tundu, ininginize, uigonge taratibu kwa kifundo cha kidole kingine. Nzima italia kama bilauri. Yenye ufa, hata usioonekana, italia kama ubao.

Mwisho soma maandishi yaliyochorwa kwenye sehemu laini kati ya mifereji na lebo. Hayo ndiyo yanayotaja toleo, kwa sababu jalada linaweza kubadilishwa. Kwa santuri za Blue Note, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1939, ukiona "RVG" au "VAN GELDER" ujue ukataji, yaani uchongaji wa mifereji ya santuri mama, ni wa Rudy Van Gelder mwenyewe, aliyerekodi sehemu kubwa ya jazi bora ya miaka ya 1950 na 1960. Ukiona pia alama iliyopinda kama sikio dogo, hilo ni toleo lililobanwa na kiwanda cha Plastylite, si la baada ya 1966. Bei hupanda kwa alama hizo, ila hazibadilishi mifereji. Kati ya toleo la kwanza lililosagwa na toleo jipya lililo safi, chukua jipya.

Katika matoleo mapya nako kuna mtego. Rekodi zilizotoka kabla ya 1963 hazina tena ulinzi wa haki za rekodi Ulaya, kwa hiyo kampuni nyingi huzibana bila kuwa na utepe asilia, pengine wakinakili kutoka sidii tu. Jalada huwa zuri na bei rahisi, lakini sauti haina kina. Tafuta toleo linalosema wazi kwamba limekatwa kutoka utepe asilia na nani kalikata. Mfululizo wa Tone Poet wa Blue Note, ulioanza 2019 na kukatwa na Kevin Gray, unasema hivyo, na unafanya hivyo.

Ukiagiza nje, mwandikie muuzaji mambo mawili: aikague kama tundu limetobolewa katikati sawasawa, na aitoe santuri ndani ya jalada aiweke nyuma yake kwenye mfuko wa ndani. Ikisafirishwa ndani ya jalada hupasua mshono wa juu. Kuirudisha kutoka Zanzibar kunaweza kugharimu kuliko santuri yenyewe, kwa hiyo makubaliano haya yafanyike kabla. Ukizileta kwa boti kutoka Dar es Salaam, zikae wima miguuni pako, mbali na jua la dirishani na mbali na joto la injini.

3. Mashine na umeme wake

Gramafoni ya pembe ya shaba inayong'aa, yenye nembo ya mbwa, ambayo dukani unaambiwa ni ya babu, mara nyingi imeunganishwa India miaka ya karibuni kutoka vipande mbalimbali. Ni pambo. Hata ile ya kweli usiipigie vinaili kamwe: kichwa chake kina uzito wa zaidi ya gramu 100 na sindano ya chuma, na mara moja tu inatosha kuimaliza santuri. Ukipigia za 78, sindano ya chuma hubadilishwa kila upande.

Mashine ya umeme kuukuu kutoka Marekani ni ya volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Transfoma itarekebisha volti, lakini haiwezi kubadili hezi. Mota ya zamani inayofuata hezi za umeme itazunguka polepole: 33⅓ itakuwa karibu 27.8, na tarumbeta itashuka toni moja na nusu. Wengi hubadilisha mkanda wakidhani umelegea, na mkanda hauna kosa. Mashine kama Technics SL-1200MK2, ambayo mwendo wake unaongozwa na kioo cha kwatzi, haina tatizo la hezi, ila iliyotoka Japani ni ya volti 100, kwa hiyo isome kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Weka kilinda umeme kati yake na ukuta, kwa sababu umeme unaporudi baada ya kukatika huja kwa kishindo.

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zina sakafu za boriti za mikoko, na sakafu hiyo hutikisika mtu akipita. Sindano itaruka kila mtoto akikimbia. Funga rafu ya mbao imara kwenye ukuta wa mawe, iache sentimita 5 kutoka ukutani ili hewa ipite, kisha iweke sawa kwa pima maji ya fundi mwashi: mbele na nyuma, kushoto na kulia.

Sasa usawazishe mkono wa sindano. Toa kifuniko cha sindano, weka kidhibiti cha kuvuta nje (anti-skating) kwenye sifuri, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe usawa wa santuri, hauzami wala haupandi. Bila kuuhamisha uzito, zungusha pete ya namba isome sifuri. Halafu zungusha vyote pamoja mpaka namba aliyoitaja mtengenezaji wa kichwa, yaani kile kifaa kinachobeba sindano. Kwa Audio-Technica AT-VM95E ni gramu 2. Weka kidhibiti cha kuvuta nje kwenye namba hiyohiyo. Usipunguze uzito ukidhani unaihurumia santuri. Sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuupasua, na dalili yake ni saksafoni kukwaruza kwenye sauti za juu.

Za 78 zinataka sindano yake, yenye ncha ya maikroni 65 hadi 75. Ya vinaili ni 18 hadi 25, na ukiitumia kwenye 78 itaburura chini kabisa ya mfereji, kwenye takataka, ikuletee kelele tupu. Uzito wake fuata mtengenezaji. Baadhi ni gramu 2, baadhi 5. Kama amplifaya ina kitufe cha mono, kibonyeze, na nusu ya kelele itaondoka.

Mngurumo wa chini usiokwisha ni waya wa ethi kutoka mashine kwenda amplifaya ambao haukufungwa, au umeota kutu. Sauti ikitoka upande mmoja tu, angalia nyaya nne ndogo nyuma ya kichwa: nyeupe na buluu ni za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Chumvi ya hewani hufanya vijiti zinapochomekwa nyaya hizo viote ukijani. Kila mwezi vichomoe na kuvichomeka tena taratibu, na plagi za nyuma ya amplifaya pia. Almasi ya sindano hudumu saa 500 hadi 1,000. Andika tarehe uliyoiweka, maana ikichakaa hutaiona kwa macho.

4. Kuosha

Hapa ndipo santuri nyingi zinapokufa mikononi mwa watu wenye nia njema.

Kwa vinaili, tayarisha nusu lita ya maji yaliyosafishwa kwa mvuke na matone mawili ya sabuni ya maji ya vyombo isiyo na manukato. Maji hayo huuzwa kwa ajili ya betri za gari, lakini soma chupa vizuri, kwa kuwa asidi ya betri nayo huuzwa jirani yake na watu huziita zote "maji ya betri". Maji ya bomba na ya kisima hayafai kumalizia. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, yakikauka ndani ya mifereji huacha unga utakaosikika kama mvua ya manyunyu. Kwa uchafu wa mafuta unaweza kuongeza mililita 50 za spiriti safi ya duka la dawa.

Kwa shelaki, spiriti ni mwiko. Mafundi samani huyeyusha shelaki hiyohiyo kwa spiriti wapate polishi ya vitanda. Ukiipaka kwenye santuri ya 78 unayeyusha muziki. Tumia maji na sabuni tu, kwa haraka, bila kuloweka, na usiiloweshe lebo.

Kazi yenyewe iende hivi. Funika lebo pande zote mbili kwa vifuniko vya plastiki vya sentimita 10. Kwanza ondoa vumbi kavu kwa brashi laini, hasa kama nyumba ina dari ya chokaa inayopukutika, kwa sababu vumbi lile ukilisugua na maji linakuwa msasa. Lowesha, pitisha brashi laini kufuata mifereji, mizunguko mitatu au minne, bila kukandamiza. Badilisha maji, suuza kwa mililita 300 hivi za maji ya mvuke matupu. Sabuni inayobaki hushika sindano. Futa kwa kitambaa laini cha kufutia miwani, isimamishe kwenye kichanja cha vyombo kivulini saa moja au mbili, kisha iingize kwenye mfuko mpya. Kuirudisha kwenye mfuko wa zamani ni sawa na kuoga na kuvaa kanzu ile ile ya shambani.

Yenye kuvu ifungulie nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, na uvae barakoa. Mfuko wa ndani uchome. Jalada lifute kwa kitambaa kikavu, likae kivulini penye upepo siku nzima, na usilirudishe karibu na mengine mpaka harufu iishe.

5. Kuhifadhi mpaka masika ipite

Kuvu huanza kuota unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa muda, na masika yetu hupita hapo bila taabu. Nunua kipima unyevu kidogo, ukiweke ndani ya kabati, si ukumbini. Kabati lisigusane na ukuta wa mawe, kwa kuwa ukuta huo hunyonya maji kutoka chini. Liache sentimita 10, na kila siku kavu fungua milango hewa ipite. Vifuko vya silika visaidie, ila vikijaa maji ni mapambo tu. Vikaushe kila baada ya wiki chache. Miguu ya kabati ikanyage vigae au vikombe, na kila mwezi pitisha mkono nyuma ya rafu ya chini kutafuta njia za mchwa.

Santuri zisimame wima, zikigusana bila kubanana. Zikilala moja juu ya nyingine, za chini hupinda. Mita moja ya rafu huingia vinaili kubwa 250 hadi 300 na uzito wake unapita kilo 60, kwa hiyo mbao iwe nene na nguzo ziwe karibu. Mifuko ya ndani iwe ya politheni, si ya plastiki laini inayonuka, ambayo kwenye joto hushika santuri na kuiachia ukungu usiofutika.

Mawili ya kwetu. Karafuu kabatini, kama tunavyofanya kwenye nguo, huacha mafuta yanayotia madoa majalada. Na ubani au udi ukifukizwa chumba hichohicho, moshi wake hutua kama utando wa kunata, vumbi likaganda juu yake. Fukiza kwanza, hewa ibadilike, ndipo santuri itolewe.

6. Kusikiliza

Anza na upande mmoja, dakika 20, mara tatu ndani ya wiki moja. Simu iwe chumba kingine.

Chukua *Kind of Blue* ya Miles Davis, 1959, upande wa kwanza, kipande cha kwanza, "So What". Baada ya utangulizi wa piano na besi, besi inauliza na ala nyingine zinajibu. Hesabu: vipimo 8 (kila kimoja mapigo manne), tena 8, halafu vipimo 8 muziki ukiwa umepanda nusu toni, kisha 8 kurudi chini. Jumla 32, karibu dakika moja. Mzunguko huo haukatiki mpaka mwisho. Davis kwa tarumbeta anapiga mizunguko miwili, John Coltrane kwa saksafoni miwili, Cannonball Adderley naye kwa saksafoni miwili, Bill Evans kwa piano mmoja. Kwenye taksimu mpigaji yuko huru na mapigo. Hapa anatunga huku mzunguko unamkimbiza, na ladha iko katika jinsi anavyovuka pale panapopanda. Mara ya kwanza fuata besi peke yake. Mara ya pili uzifuate ala za kupuliza. (Toleo la zamani likikufanya usikie upande huu umepanda kidogo kuliko wa pili, sikio lako halikosei. Mashine ya kurekodia ilikuwa ikienda polepole, na matoleo tangu miaka ya 1990 mengi yamerekebishwa.)

Kisha *Jazz Sahara* ya Ahmed Abdul-Malik, 1958. Humo mna udi, kanuni, fidla na dufu pamoja na saksafoni ya Johnny Griffin. Sikiliza Griffin anapoingia: kanuni imeshajenga maqamu (mpangilio wa sauti wa Kiarabu), naye anatafuta mahali pa kusimama ndani yake. Kwa wa sasa, *Blue Maqams* ya Anouar Brahem wa Tunisia, 2017, iko njia hiyohiyo na imerekodiwa kwa utulivu mkubwa, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha usafi wa sindano yako.

*Uhuru Afrika* ya Randy Weston, iliyorekodiwa 1960, inafunguliwa kwa Kiswahili kilichosomwa na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, na sehemu yake ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza". Ipige kwa sauti kubwa kidogo. Ni bendi nzima yenye ngoma nyingi, na kwa sauti ndogo ngoma hizo hushikana zikawa kitu kimoja.

Iache *Mwandishi* ya Herbie Hancock, 1971, mpaka umezoea kuhesabu. Hancock alijiita Mwandishi, na wenzake walijipa majina kama Mchezaji, Mganga, Jabali na Pepo. Kipande cha kwanza, "Ostinato", kina mapigo 15 kwa mzunguko. Hesabu 8, halafu 7, ukigonga kwa kidole juu ya goti. Ukipotea usimfuate mpiga ngoma, atakupoteza zaidi. Rudi kwenye besi, subiri kipande chake kile kinachorudiwarudiwa kianze upya, na uanze moja pale.